Betri inasoma 12.5 na gari haliwaki: pima hivi kabla hujanunua alteneta

*"Nina Probox ya mwaka 2008, injini ya 1NZ, ninayobebea viazi kutoka Molo hadi Nakuru. Ndani ya miezi saba nimebadilisha betri mara mbili. Asubuhi nyingine nikipiga stata inafanya tik-tik-tik na taa za dashibodi zinafifia. Nikitikisa terminali au nikiazimwa jampa linawaka, na siku nzima halisumbui tena. Jumatatu ndiyo mbaya zaidi, maana Jumapili gari halitoki. Fundi mmoja alichomoa terminali injini ikinguruma, gari likazima, akasema alteneta imekufa. Mwingine anasema ni stata. Nimenunua mita ndogo ya njano nijipimie. Siku za kawaida betri inasoma 12.5 asubuhi, Jumatatu iliyopita ilisoma 11.7. Nilipojaribu kupima ampea kwenye betri, cheche iliruka, na tangu hapo mita inasoma volti tu, ampea haisomi. Nianzie wapi kabla sijapoteza pesa nyingine?"*

Ndugu yangu, pole kwa hizo betri mbili. Swali lako ukilisoma polepole limeshatoa nusu ya jibu, kwa sababu umeandika namba na umeandika siku. Naona shida mbili tofauti zinazoonyesha dalili moja. Asubuhi ya 12.5, betri ina nguvu ya kutosha lakini nguvu hiyo haifiki kwenye stata. Asubuhi ya Jumatatu yenye 11.7, betri yenyewe imenyonywa hadi karibu kuisha. Ukitibu moja ukaiacha nyingine, utarudi hapo hapo. Alteneta na stata zinaweza kuwa na kosa au zisiwe nalo, ila mpaka sasa hakuna aliyezipima.

Kile kipimo cha kuchomoa terminali injini ikiwa inanguruma, naomba usimruhusu mtu yeyote akirudie. Kimezoeleka sana kwenye gereji zetu, na kwenye magari ya zamani yasiyo na kompyuta madhara yake hayakuonekana sana. Betri hufanya kazi ya kutuliza umeme wa alteneta. Ukiiondoa ghafla, regulata, yaani kidhibiti cha volti za alteneta, haiwahi kupunguza nguvu, na volti zinaweza kuruka mara kadhaa ya 14 kwa muda mfupi sana. Muda huo unatosha kuua diodi za alteneta (vipande vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu) au kompyuta ya injini. Isitoshe, gari kuzima hakuthibitishi chochote: hata alteneta nzima inaweza kushindwa kushikilia injini bila betri. Kipimo sahihi cha alteneta hakihitaji spana wala hakichukui zaidi ya dakika tano, nitakufikisha huko.

Kwanza mita yako. Ukiiweka kwenye volti, ndani yake kuna ukinzani mkubwa sana, ndiyo maana unaweza kugusa vichwa viwili vya betri bila neno. Ukiiweka kwenye ampea, inageuka kuwa kama kipande cha waya, kwa sababu mkondo unatakiwa upite ndani yake ili uhesabiwe. Ulipogusisha ncha mbili juu ya betri ukiwa kwenye ampea, uliunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Betri ya gari inaweza kusukuma mamia ya ampea kwa njia hiyo. Fyuzi ndogo ya kioo iliyo ndani ya mita ikakatika, na ilifanya vizuri kukatika. Fungua skrubu za nyuma, itoe, nunua yenye namba ile ile iliyoandikwa kwenye kifuniko chake cha chuma (mara nyingi ni miliampea 200 au 500), rudishia. Usiizungushie karatasi ya sigara wala uzi wa waya. Ujue pia kuwa kwenye mita hizi tundu lililoandikwa 10A kwa kawaida halina fyuzi kabisa. Ukilikosea, kinachoyeyuka ni waya wa ncha mkononi mwako. Kwa hiyo kila ukimaliza kupima ampea, rudisha ncha nyekundu kwenye tundu la volti hapo hapo, kabla hujashika kitu kingine.

Jambo jingine dogo linalodanganya watu: betri ya volti 9 iliyo ndani ya mita ikichoka, mita za bei hii huanza kusoma juu ya ukweli. Ukiona betri ya gari iliyolala inasoma 13.4, shuku mita yako kabla ya kufurahi.

Sasa tuje kwenye kiini. Volti ya betri iliyotulia ni kama presha ya maji bomba likiwa limefungwa. Hata mpira uliobanwa na jiwe utaonyesha presha kamili mradi maji hayatembei. Fungua bomba, ndipo utakapojua. Stata ya gari kama lako hudai ampea 100 hadi 150 inapozungusha injini. Tuseme kuna uchafu kati ya kichwa cha betri na terminali wenye ukinzani wa ohmu 0.05 tu. Taa ya ndani inayotumia nusu ampea itapoteza volti 0.025 hapo, na hutaona tofauti yoyote. Stata ikidai ampea 100, uchafu ule ule unakula volti 5. Kati ya 12.5 zako, stata inabakiwa na 7 na kitu, sumaku yake inavuta, inaachia, inavuta, inaachia. Hiyo ndiyo tik-tik-tik.

Na hapa ndipo wengi hupotezwa na sehemu ya ohmu ya mita, au ile inayolia pii. Ncha zako zenyewe zikigusana zinasoma ohmu 0.3 hadi 0.5. Mita ya namna hiyo haiwezi kuona ohmu 0.05. Kebo iliyobakiwa na nyuzi tatu kati ya hamsini italia pii vizuri kabisa, halafu itashindwa kuwasha gari. Kwa kebo nene, terminali na athi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi na injini), achana na ohmu. Pima volti zinazopotea wakati umeme unatembea. Ukishika hilo, mita ya bei ndogo itakufaa kuliko mtu mwenye mashine kubwa anayepima gari likiwa limezimwa.

Asubuhi lisipowaka, usikimbilie jampa. Najua viazi vinasubiriwa, lakini hiyo ndiyo saa pekee ambayo ugonjwa uko wazi. Dakika kumi zinatosha. Vua pete na saa ya chuma, funga mikono ya koti, gia iwe huru na breki ya mkono juu. Mita iweke kwenye volti za DC, alama ya 20. Mtu mwingine awe kwenye ufunguo, na kila kipimo apige stata kwa sekunde tatu hivi, kwa sababu mita hizi husoma mara mbili au tatu tu kwa sekunde na haziwahi kushika mtetemo wa mwanzo.

Weka ncha juu ya vichwa vya betri vyenyewe, yaani vile virungu vya risasi vinavyotokeza, si juu ya terminali zinazovibana. Tofauti hiyo ndogo ndiyo itakayoamua kesi. Apige stata. Betri nzima iliyojaa haitakiwi kushuka chini ya 9.6 au 10 injini ikizungushwa. Ikiporomoka hadi 6 au 7 huku inafanya tik-tik, betri ndiyo haina nguvu: ama imeisha chaji ama imechoka ndani. Lakini ikibaki 12 na zaidi huku stata inalia tik-tik, betri haina kosa. Nguvu inakwama njiani, na sasa unaitafuta kituo kwa kituo.

Ncha nyekundu ibaki kwenye kichwa cha chanya, nyeusi iweke juu ya terminali inayobana kichwa hicho hicho. Apige stata. Inatakiwa isome 0.1 au chini. Ikisoma 2, 4 au 8, umepata. Rudia upande wa hasi kwa namna hiyo hiyo; alama ya kutoa ikitokea mbele ya namba usiijali, tazama ukubwa tu. Kwa dalili zako, hapa ndipo ninapotegemea kukuta kosa la kwanza. Wewe mwenyewe umesema ukitikisa terminali linawaka. Na jampa nayo ilikudanganya: ulipobana mdomo wake juu ya terminali, umeme wa gari la jirani uliruka uchafu ule ukaingia moja kwa moja kwenye kebo, gari likawaka, ukaamini betri ilikuwa imekufa. Betri mpya nayo huponya kwa wiki chache kwa sababu anayeifunga husugua na kukaza, kisha unga mweupe na wa kijani hurudi.

Terminali zikiwa safi, endelea na athi. Ncha moja kichwa cha hasi, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, pasipo rangi wala mafuta. Apige stata: kisizidi 0.2, au 0.3 tukiwa wapole. Ikizidi, kebo ya athi kati ya betri, bodi na injini imelika au nati yake imelegea kwenye kutu. Kisha upande wa chanya: kutoka kichwa cha chanya hadi skrubu nene ya stata inayopokea kebo, kisizidi 0.5. Ukiona vyote viko sawa na bado inakataa, pima ule waya mwembamba wa stata unaotoka kwenye ufunguo. Wakati ufunguo umezungushwa unatakiwa upate angalau volti 8, na nzuri ni 10 kwenda juu. Ukikosa, stata haijaambiwa ifanye kazi: tafuta rilei yake (swichi inayoendeshwa na umeme), swichi ya ufunguo, au kwa gari la otomatiki swichi ya P na N. Ukiupata umeme kwenye waya mwembamba na kwenye skrubu nene pia, athi ni nzuri, na unasikia *tak* moja nzito badala ya tik-tik nyingi, hapo sasa stata ina kosa lake. Kwenye stata za Toyota mara nyingi ni vile vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi (ile sumaku yake) vimelika. Huuzwa peke yake na hubadilishwa bila kununua stata nzima, kwa hiyo uliza kwanza.

Kusafisha: toa terminali ya hasi kwanza, ya chanya baadaye; kurudisha ni kinyume chake. Sababu ni kwamba spana ikigusa bodi wakati hasi imeshatolewa, hakuna cheche. Unga wa asidi uoshe kwa maji ya vuguvugu yenye magadi, usiache yaingie ndani ya betri kama ina vifuniko. Sugua kichwa na sehemu ya ndani ya terminali kwa msasa mpaka risasi ing'ae, kaza kwa spana namba 10 mpaka mkono usiweze kuizungusha, kisha paka grisi juu. Grisi haiendi kati, inaenda juu. Terminali za bati jembamba zinazouzwa kando ya barabara hupanuka upesi. Ukiona inafika mwisho wa kukaza na bado inacheza, ibadilishe, usiitie kipande cha kopo.

Sasa alteneta, kwa ufupi, maana kipimo chake ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa andika volti za betri. Washa, ipe mzunguko wa 1,500 hadi 2,000, pima tena kwenye vichwa vya betri. Probox ya umri wako inatakiwa iwe kati ya 13.8 na 14.7. Kisha washa taa kubwa, feni ya ndani hadi mwisho na kipasha joto cha kioo cha nyuma. Ikishikilia 13.5 na zaidi, alteneta inafanya kazi yake, na safari ya Molo hadi Nakuru itarudisha chaji iliyotumika kupiga stata na kubaki. Ikibaki 12.5 na kuendelea kushuka, haichaji. Hapo kagua beliti na fyuzi kubwa ya alteneta kabla ya kuihukumu, na pima pia volti zinazopotea kati ya skrubu nene ya alteneta na kichwa cha chanya cha betri, taa zikiwa zimewaka. Hapo kisizidi 0.3. Ikipanda kupita 15, regulata imeharibika na inapika betri: utaona maji yanaisha na harufu ya mayai mabovu. Hilo usiliendeshee hata wiki moja.

Watu huniuliza pia kuhusu kupima diodi za alteneta kwa kuweka mita kwenye AC, yaani umeme wa kwenda na kurudi, tofauti na DC ya betri. Kwa mita nzuri, zaidi ya nusu volti ya AC kwenye betri injini ikinguruma ni dalili ya diodi mbovu. Kwa mita ya njano ya aina ya DT830 usijisumbue. AC yake huanzia 200, na haichuji DC: ukiiweka kwenye betri iliyotulia inaweza kukuonyesha 26 au sufuri kulingana na ncha ipi iko wapi. Tutaikamata diodi hiyo kwa njia nyingine.

Twende kwa mwizi wa Jumapili. Tuchukulie betri yako ni NS40, yenye kama ampea-saa 35. Gari likisimama tangu Jumamosi jioni hadi Jumatatu alfajiri ni saa 36. Kitu kinachonyonya ampea 0.8 tu kitakuwa kimekula karibu 29 kati ya hizo 35. Hiyo inalingana na 11.7 yako. Kwa usiku mmoja wa saa 10 kitakula 8, na betri iliyobakiwa na robo tatu ya chaji husoma kati ya 12.4 na 12.5. Unaona namba zako zinavyokubaliana? Betri iliyojaa ikilala husoma 12.6 au 12.7, nusu ni 12.2, kwenye 12.0 imebaki robo. Kwa hiyo hata 12.5 yako ya kila asubuhi haikuwa ya kawaida kwa gari lililotembea jana yake kutwa, ilikuwa tayari inalalamika. Betri za kuwashia gari zina sahani nyembamba zilizotengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Kila zinapoishiwa kabisa, sahani hushika ugando mgumu wa salfati, na uwezo wake haurudi wote. Jumatatu chache za namna hiyo zinatosha kuua betri mpya. Baridi ya Molo nayo, zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, hufanya oili iwe nzito na betri iwe dhaifu alfajiri. Mwenzako wa Kisumu angeweza kuishi na mwizi huyo huyo miezi kadhaa bila kumjua, ingawa joto la kule ziwani lenyewe hufupisha maisha ya betri kwa kuchosha sahani.

Kumpata, fanya Jumamosi jioni baada ya safari. Toa ufunguo, zima kila kitu, fungua mlango mmoja kisha sukuma kitasa chake kwa bisibisi kijifunge kana kwamba mlango umefungwa, ili taa ya ndani izime lakini wewe uweze kufikia fyuzi. Fungua boneti. Kabla ya mita, tumia balbu ya taa ya breki ya wati 21 yenye nyaya mbili. Toa terminali ya hasi, unganisha balbu kati ya kichwa cha hasi na terminali hiyo. Ikiwaka kwa nguvu, kuna kitu kinavuta zaidi ya ampea moja, na umeokoa mita yako. Ikififia au isipowaka, sasa weka mita mahali pa balbu: ncha nyekundu kwenye tundu la 10A, kitufe kwenye 10A, moja ya ncha kwenye terminali na nyingine kwenye kichwa. Mwiko wa sekunde 10 ulioandikwa pale ni wa mikondo mikubwa. Chini ya ampea moja waya zake hazipati moto. Usipige stata, usiwashe taa kubwa, usifungue mlango mwingine wakati mita imeungwa hivyo.

Namba itaanza juu, kisha itashuka vifaa vikilala. Subiri nusu saa. Gari zima hubaki chini ya 0.05, yaani miliampea 50. Ikibaki 0.3, 0.6 au 0.8, chomoa fyuzi moja moja ukitazama mita, na kila moja irudishe ilikotoka kabla ya kugusa inayofuata. Ile ikichomolewa namba ikaanguka, mwizi yuko kwenye njia yake. Ukiogopa kuchomoachomoa, iko njia tulivu zaidi isiyohitaji hata kutoa terminali: mita iweke kwenye 200m ya volti, gusa vile vitundu viwili vidogo vilivyo juu ya mgongo wa fyuzi ikiwa mahali pake. Fyuzi isiyopitisha umeme inasoma 0.0. Kwenye fyuzi ya ampea 10, milivolti 0.7 hivi ni karibu miliampea 100. Njia hii ndiyo ninayoipenda, kwa sababu haiamshi kompyuta wala haifungi redio. Baadhi ya redio za Kijapani zikikatiwa umeme huandika ERC na kudai namba ya siri ambayo hutaipata kirahisi.

Ukiuliza nitamshuku nani kwanza, nitasema vilivyoongezwa baada ya gari kutoka Japani. Redio iliyofungwa na waya wa njano na mwekundu vikasokotwa pamoja ili "isisumbue": ule wa njano ni wa kumbukumbu, mwekundu ni wa kuiamsha ufunguo ukiwashwa, na vikiunganishwa redio hailali kamwe. Alamu ya zamani. Traka iliyofungwa ikaachwa hata baada ya mkopo kuisha. Chaja ya simu, na taa za LED zilizopitishwa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi. Taa ya nyuma mizigoni ambayo swichi yake imekandamizwa na magunia. Fyuzi zote zikitolewa na namba isishuke, toa kabisa terminali ya hasi, fungua kebo nene ya alteneta, ifunike kwa mpira isiguse chuma, kisha pima upya. Ikishuka sasa, diodi ya alteneta inavuja. Inaweza kuchaji vizuri mchana na kunyonya betri usiku. Hiyo ndiyo njia ya kuikamata niliyokuahidi.

Vitu vingine mita itakupimia bila taabu. Fyuzi usiitazame kwa macho. Ikiwa mahali pake na umeme umewashwa, gusa mgongo wake pande zote mbili kwa ncha nyekundu, nyeusi ikiwa kwenye athi. Volti 12 pande zote, ni nzima; upande mmoja tu, imekatika. Rilei itoe, pima ohmu za koili: kwenye zenye namba 85 na 86 ni kati ya 50 na 120, rilei nyingi za Toyota huandikwa 1 na 2 badala yake, na swichi yake ni 3 na 5. Koili ikiwa nzima haimaanishi shaba za swichi ni nzima, kwa hiyo ipe koili volti 12 na upime volti zinazopotea kwenye swichi taa ikiwa inawaka kupitia humo. Ohmu kamwe usizipime kwenye saketi yenye umeme. Na usitoboe ngozi ya waya kwa ncha; maji huingia kwenye kitobo hicho na baada ya mvua mbili tatu waya unaoza ndani. Chomeka pini nyembamba kwa nyuma ya soketi badala yake. Koili za plagi za 1NZ zina elektroniki ndani yake, hivyo anayekuambia imekufa kwa kuipima ohmu anakisia. Hamisha koili kutoka silinda moja hadi nyingine uone kama kosa linahama.

Kuna mipaka, na hii naisema kwa uzito. Soketi za rangi ya njano chini ya usukani na viti ni za mifuko ya hewa. Mita kwenye ohmu hupitisha mkondo mdogo, na mfuko unaweza kufumuka usoni mwako. Usiziguse. Siku ukinunua gari la haibridi kama Aqua, kebo za rangi ya machungwa zina zaidi ya volti 100 za DC zinazoua, na mita hii si ya kazi hiyo hata kidogo. Ukinunua Honda Fit, kuchaji kwake huongozwa na kompyuta na kunaweza kushuka hadi 12.4 au 12.9 injini ikinguruma bila kosa lolote, kwa hiyo kipimo changu cha alteneta usikihamishie huko kikavukavu. Na ukikuta waya ulioungua, harufu ya plastiki, au fyuzi inayokatika kila ikirudishwa, toa terminali ya hasi na uite fundi wa waya. Usiongeze ukubwa wa fyuzi. Magari huungulia hapo. Asidi ikirukia jicho, maji safi mengi dakika 15 au zaidi, kisha hospitali.

Unapokwenda kwa fundi wa waya Nakuru, nenda na karatasi yenye namba: volti kwenye vichwa wakati wa stata, volti zilizopotea kila terminali na kila athi, volti za kuchaji na taa zikiwa zimewaka, ampea za kulala baada ya nusu saa, na fyuzi iliyoshusha namba. Fundi mzuri atafurahi, kwa sababu umemwokolea nusu siku. Ikiwa alteneta italazimika kufunguliwa, omba abadilishe kilichokufa tu, iwe brashi, regulata au diodi, na akupe kile cha zamani mkononi. Kisha kabla hujalipa, washa gari hapo hapo, taa na feni zikiwa juu, weka ncha mbili kwenye vichwa vya betri, usome mwenyewe.